Ardhi Inayotengenezwa

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake lilikatazwa kutajwa na mtu aliyeketi. Msomaji huenda ameketi, kwa hiyo jina tuliache, tusimtie mtu matatani. Inatosha kujua kwamba haikuwa nchi kubwa. Mtu akiondoka alfajiri upande wa ziwa, akatembea bila haraka, jua halijazama atakuwa ameshika waya wa mpaka kwa mkono wake, kama askari wa mpakani hawajamshika yeye kwanza.

Nchi hiyo iliwahi kuwa na katiba, kitabu kinene ambacho Mtukufu hakuwahi kukimaliza kwa sababu kilimletea usingizi. Halafu balozi mmoja wa nje, siku ya kuaga, akamzawadia kitabu chembamba cha kanuni za gofu. Mtukufu alikisoma bila kuinuka kitini, na wapambe wake wanasema alitokwa na machozi. Maisha yake yote alikuwa akitafuta sheria yenye huruma, na sasa ameipata. Mpira ukikwama kwenye kizuizi, au ukatua kwenye ardhi iliyoharibika, mpigaji hana kosa. Anauokota, anauangusha pembeni, urefu wa fimbo moja, mradi asilikaribie shimo analolilenga. Haadhibiwi. Jambo hilo linaitwa msamaha wa bure.

"Bure," Mtukufu aliwaambia mawaziri. "Mmesikia? Na ninyi mlikuwa mnanishauri niombe radhi."

Katiba ikafutwa Ijumaa, kanuni za gofu zikaanza kazi Jumatatu. Jaji Mkuu, Jaji Mshangama, akawa Mwamuzi Mkuu, akabadilisha joho kwa kofia yenye ukingo mbele. Wananchi wakafundishwa sheria mpya mashuleni na misikitini na makanisani. Paa la hospitali ya wilaya lilipoanguka, wagonjwa walipewa msamaha wa bure: kila mmoja alinyanyuliwa na kitanda chake, akasogezwa urefu wa fimbo moja, mradi asimkaribie daktari. Wachuuzi na vibanda vyao wakatangazwa kuwa ni vizuizi vinavyohamishika. Sanamu za Mtukufu zikatangazwa kuwa ni vizuizi visivyohamishika, na mawaziri nao wakaomba waingizwe humo.

Jaji Mshangama alikuwa mtu wa taratibu, na alichukia udanganyifu michezoni kuliko alivyouchukia mahali pengine popote. Kwa hiyo akaongeza kanuni moja ya kwake: hapana msamaha wa bure mpaka mpigaji ataje kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, ni kitu gani kilichoiharibu ardhi. Mtukufu aliisaini bila kuisoma. Ilikuwa saa ya chakula.

Kulikuwa pia na Idara ya Matengenezo ya Ardhi, mkuu wake Kanali Dadi. Barabara za nchi hiyo zilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi, lakini hayo Idara haikuyagusa. Kazi yake ilikuwa ya aina nyingine. Magari yake yasiyo na namba yakipita mtaani, asubuhi yake watu walikuta mahali fulani vijiti vyeupe vimechomekwa kuzunguka kipande cha udongo uliofukuliwa na kufukiwa, na kibao kidogo: ARDHI INAYOTENGENEZWA. Watu walipita mbali, macho chini. Na yule jirani ambaye tangu usiku ule hakuonekana, hakuna aliyemuulizia.

*

Katika Uwanja wa Gofu wa Taifa, kazi ya kumwagilia majani ilikuwa ya msichana aitwaye Sikitu. Alikuwa mtu asiyependa kusikika. Akikohoa, aliomba radhi. Akiitwa na msimamizi aliitikia kwa sauti ndogo hata msimamizi akaita tena, na mara ya pili Sikitu aliona aibu kuitikia, kwa sababu ameshaitika.

Kwa kuwa hakusema, alitazama. Alijua sehemu za uwanja ambako majani yalikuwa mabichi hata kiangazi, hata asipoyapa maji. Mabaka hayo yalikuwa marefu kuliko mapana, kiasi cha mtu aliyelala. Umande haukutua juu yake. Kunguru, ambao hutua popote, waliyakwepa. Sikitu alipofika hapo na ndoo yake alipunguza mwendo, akanong'ona, "Hodi," halafu akapita pembeni.

Alikuwa na kaka, Mbaruku. Huyu alikuwa mbeba fimbo wa Mtukufu mwenyewe, anatembea nyuma yake na mfuko mabegani, na kwa kazi hiyo mtaa mzima ulimheshimu. Siku moja mgeni kutoka nchi ya mbali, katika maongezi tu, alimuuliza Mbaruku, "Mzee amepiga mara ngapi hapa?" Mbaruku alikuwa kijana mpole asiyejua kuficha kitu. Akahesabu vidoleni, akamwambia. Mgeni akacheka. Mtukufu naye akacheka. Mbaruku akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka.

Hakurudi nyumbani. Wiki ile ile redio ilitangaza kwamba kijana Mbaruku, kwa hiari yake na kwa furaha kubwa, amevuka mpaka kwenda kusomea ubebaji wa fimbo katika chuo cha juu. Tangu hapo, kila sikukuu, Mtukufu mwenyewe alisoma redioni salamu za Mbaruku kwa mama yake. Mbaruku anasema hajambo. Mbaruku anasema huko kuna baridi. Mbaruku anasema mama ale vizuri.

Mama yake, Bi Mwanakheri, alisikiliza salamu za kwanza mpaka mwisho. Kisha akatandika mkeka sebuleni, akakaa matanga.

Kwa watu wa kwao, matanga huanuliwa mwenye msiba anapopata habari moja: kwamba mtu wa damu yake amesimama penye kaburi na kulimwagia maji. Hapo wanawake humnyoa, humwogesha, na yeye huinuka akarudi kwenye kazi za watu walio hai. Habari hiyo isipokuja, hainuki. Bi Mwanakheri aliketi mvua ikanyesha na kukauka, ikanyesha tena. Nywele zilimfika mabegani, miguu ikamvimba. Uji aliupokea hapo, wageni aliwapokea hapo. Kumlilia mtu aliye hai lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo ofisa wa mtaa alikuja kila mara kukagua.

"Bi mkubwa, mbona uko chini?"

"Miguu, baba."

"Mwaka jana ulisema miguu."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Sikupewa mingine."

"Isije ikawa umekaa matanga."

"Matanga ya nani? Si umesema mwenyewe mwanangu anasoma?"

Ofisa aliandika: miguu. Akaondoka. Hapo Bi Mwanakheri alimgeukia binti yake kwa swali lile lile la kila jioni: "Hujasikia chochote?"

"Bado, mama."

"Haya. Nipo."

Sikitu alijua kwamba mama anakwisha. Hakuwa anaumwa, alikuwa anakauka tu, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Na aliyeweza kumwinua alikuwa yeye peke yake, na hakujua pa kwenda na ndoo yake.

*

Ikafika Siku ya Mchezo wa Taifa, ambapo wananchi wote waliruhusiwa kulazimishwa kuhudhuria. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa, ambao ubeti wake wa pili unamsifu Mtukufu kwa kuwa katika maisha yake yote ya gofu hajawahi kupata adhabu, hata ya pigo moja. Jambo hilo lilifundishwa shuleni. Noti zilikuwa na picha yake na maneno ASIYE NA ADHABU.

Mtukufu akapiga. Mpira ukapaa vizuri, watu wakapiga makofi, ukatua katikati ya majani mabichi.

Hapo ardhi ikashuka. Haikuporomoka wala haikutoa sauti. Ilishuka taratibu, kama mtu anayejisogeza kitandani kumpisha mwenziwe, na mpira ukakaa ndani ya kibonde kirefu kuliko upana wake.

Wakubwa wakakisogelea, wakakizunguka. Jaji Mshangama akafungua kitabu, akakohoa.

"Ardhi iliyoharibika. Mtukufu ana haki ya msamaha wa bure. Ni kitu gani kilichoiharibu?"

"Fuko," alisema Mtukufu.

"Mtukufu ametaja fuko. Msamaha umetolewa."

Mtukufu akaokota mpira, akauangusha urefu wa fimbo moja upande wa nyuma. Mpira uligota, ukatulia. Kisha ukaanza kurudi. Ulipanda kijilima kidogo, ukapumzika kileleni, ukateremka kibondeni ukajilaza pale pale.

"Upepo," alisema Kanali Dadi.

Bendera zote zilikuwa zimelala mlingotini.

"Tutaje upya," alisema Jaji.

"Mvua."

"Mvua ya lini, Mtukufu?"

"Ya zamani."

Mpira ukaangushwa, ukarudi. Mtukufu akataja mchwa. Akataja mizizi. Akamtaja mkandarasi. Kila mara mpira ulirudi, na kila uliporudi kibonde kilikuwa kimeshuka zaidi kidogo, na kutoka humo kulipanda harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu.

Jaji Mshangama alishusha sauti. "Kuna njia nyingine, Mtukufu. Unachukua adhabu. Ni pigo moja tu, unaweka mpira mbele kule, yamekwisha."

Mpiga tarumbeta aliishusha tarumbeta yake. Waziri mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mtukufu alitazama umati, akatazama noti kubwa ya mapambo iliyoning'inizwa langoni, yenye sura yake.

"Dadi," alisema. "Hapa ni nani?"

Kanali alimnong'oneza sikioni. Mtukufu akalamba midomo.

"Mwalimu Feruzi," alisema.

Aliuangusha mpira. Safari hii haukurudi.

Katika umati alikuwamo mke wa Mwalimu Feruzi, mama mnene aliyekuwa akiuza maandazi getini. Aliweka beseni lake chini. Hakulia. Alipita katikati ya askari, nao kwa sababu wasizozijua wenyewe wakampisha, akamfikia Sikitu, aliyekuwa ameitwa aje kurudishia majani na kuyamwagilia.

"Mwanangu," alimwuliza, "hayo maji yanatosha na mimi?"

Sikitu akampa ndoo.

*

Lakini mahali papya napo palishuka. Kanuni inasema ikiwa pale mpira ulipoangukia napo ni pabaya, msamaha hutolewa tena, urefu wa fimbo nyingine, na daima bila kulikaribia shimo. Kwa hiyo Mtukufu akarudi nyuma. Akataja jina, akaangusha, ardhi ikashuka, akarudi nyuma tena. Walitoka uwanjani kinyumenyume. Wakapita getini, wakavuka barabara, na serikali nzima ikafuata: mawaziri, bendi, wapambe, gari la barafu la vinywaji, na nyuma ya wote Sikitu na ndoo yake, kwa amri ya msimamizi, kutengeneza palipoharibika.

Mwanzoni Kanali alinong'ona. Baadaye akachoka kuinama akawa anasema kawaida, na Mtukufu anarudia, na Jaji anatangaza, kama watu wanaoitikia dua.

"Zena mshonaji."

"Zena mshonaji. Msamaha wa bure."

"Yule wa redio, aliyesoma habari vibaya."

"Jina kamili, tafadhali," alisema Jaji.

"Rashidi wa Mtumweni."

"Msamaha wa bure."

Waziri wa Fedha alimnong'oneza mwenzake kwamba Idara ya Matengenezo, ukilinganisha na bajeti yake, imejituma sana.

Sokoni ardhi ilishuka chini ya meza ya nyanya. Pale shule ya msingi ilishuka penye mstari wa kupangia watoto. Penye mnara wa uhuru ilishuka mara nyingi mfululizo, hata bendi ikashindwa kupata pa kukanyaga, wakasimama kwa vidole kama kuku. Na kila palipotajwa jina, nyumba fulani ilifunguka mlango. Mtu alitoka na kopo, au jagi, au birika la chai lililosuuzwa haraka. Walimwaga, wakakaa hapo.

Mahali pamoja, nyuma ya stesheni ya zamani, mpira ulishuka na Kanali akatikisa kichwa.

"Hapa si petu, Mtukufu. Huyu ni wa enzi ya mtangulizi wako."

"Sasa nimtaje nani?"

"Kumbukumbu zao hatukuachiwa."

Mtukufu akajaribu fuko. Mpira ukarudi. Walisimama juani. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta wa stesheni, akitafuna tambuu, akasema bila kumtazama mtu, "Huyo ni Athumani, mdogo wangu. Alikuwa fundi wa reli. Mtaje tu, mwanangu, hana neno."

Mtukufu akamtaja. Ikawa.

Sikitu alikuwa akimwagilia na kusikiliza. Kila jina lisilokuwa la Mbaruku lilimpa nafuu, na kila nafuu ilimwumiza, kwa sababu alimwona mama yake sebuleni, shingo imeinama. Alitamani lisemwe na aliogopa lisemwe. Mchana ulipoanza kupinda alijikuta anaomba: kama ni hapa, na iwe hapa. Halafu mpira ulitulia kwa jina la mtu mwingine, naye akachota maji mengine.

"Tukiishiwa na nchi je?" aliuliza Waziri wa Fedha.

"Kimya," alisema Kanali. Lakini aligeuka akatazama nyuma.

*

Waliishiwa na nchi jua likiwa bado juu kidogo ya vilima. Mtukufu aliuangusha mpira, nao ukagota kwenye waya wa mpaka, ukalala umbali wa kiganja kutoka chini yake. Upande wa pili kulikuwa na shamba la mihogo la watu wengine, na ng'ombe mmoja aliyekuwa akitazama.

"Afadhali," Mtukufu alisema. Alikuwa ametota jasho na sauti imemkauka kwa majina. "Huu waya ni kizuizi. Nipe msamaha, niuangushie upande ule, nimalize."

Jaji Mshangama alifungua kitabu, ingawa alikijua kwa moyo. Alionekana kama mtu anayetamani kuwa amesoma vibaya.

"Uzio wa mpaka si kizuizi, Mtukufu. Kanuni iko wazi. Mpaka hautoi msamaha. Na mpira hauchezwi nje yake."

Ndipo ardhi ikashuka.

Ilishuka polepole kuliko kwingine kote. Waya ukalia, mlio mwembamba uliokwenda mbali kushoto na kulia. Askari wa mpakani, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakavua kofia. Na waliokuwa karibu walisikia chini ya udongo sauti ya mtu anayegeuka usingizini, akitafuta upande mzuri wa kulala.

"Mtukufu," alisema Jaji, "ni kitu gani kilichoiharibu ardhi hii?"

Kanali Dadi hakusogea kunong'ona. Alikuwa akitazama viatu vyake. Na Mtukufu naye hakumgeukia. Huyu hakuhitaji kukumbushwa. Alisimama juu ya kibonde, fimbo mkononi, na uso wake, uliokuwa mwekundu kwa jua, ukaanza kuwa wa kijivu.

Wengine wote alikuwa amewataja. Alimtaja mwalimu, akamtaja mshonaji, njiani alimtaja hata binamu yake mwenyewe, na hakusita. Lakini huyu angemtaja vipi? Huyu alikuwa ng'ambo, anasoma. Huyu salamu zake zilisomwa kila sikukuu kwa sauti anayoijua kila mtoto. Na mtu akiuliza alikufa kwa kosa gani, jibu ni moja: alihesabu. Kumtaja huyu ili kukwepa adhabu ilikuwa ni kukiri adhabu zote ambazo hazikuwahi kuhesabiwa, uwanja baada ya uwanja, tangu mwanzo.

Ng'ombe wa ng'ambo alitafuna.

"Nachukua adhabu," alisema Mtukufu.

Jaji alidhani hakusikia vizuri. "Mtukufu?"

"Nachukua adhabu. Pigo moja. Andika."

Kisha, bila kuambizana, watu wakaanza kugeuza vichwa, mawaziri na wapambe na askari na wale waliofuata na makopo yao, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa wanamtazama Sikitu. Maana nchi nzima ilimjua aliyekuwa mbeba fimbo.

Sikitu alihisi macho yote usoni mwake, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya atamani kufa. Alitembea. Alipita mbele ya Waziri wa Fedha, akapita mbele ya Kanali, akapiga magoti penye kibonde. Aliweka kiganja chake juu ya udongo. Ulikuwa na joto, kama mahali alipotoka kukaa mtu sasa hivi.

"Wewe msichana," alisema Kanali. "Umetumwa na nani hapo?"

"Natengeneza ardhi, mzee," alisema Sikitu.

Alisema kwa sauti yake ya siku zote, lakini kulikuwa na ukimya mwingi hata kila mtu akasikia. Alimwaga maji upande mmoja, akasita, akamwaga upande wa pili, kisha akamwaga yote yaliyobaki toka huku hadi huku. Akasema jina la kaka yake, mara moja, chini chini, kama mtu anayemwamsha asiyetaka kumshtua.

Ardhi ikaacha kushuka.

Jaji Mshangama aliandika adhabu. Wino ulimgomea mara ya kwanza. Kisha akafunga kitabu akasema, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, "Sasa Mtukufu aendelee na mchezo. Shimo liko kule tulikotoka."

Mtukufu akageuka. Kutoka mpakani nchi ilikuwa imeinama kidogo kuelekea ziwani, na yote ilionekana. Ilikuwa imejaa mabaka meusi ya maji yaliyomwagwa karibuni, safu ndefu, na penye kila baka kulikuwa na mtu ameketi. Kila pigo lake lingepita juu yao. Hawakumtukana. Walikuwa wamemgeukia tu, wanangoja.

Aliinua fimbo, akaishusha. Aliomba kiti.

*

Asubuhi yake mwendesha bodaboda mmoja alimpakia Sikitu bila kumdai kitu. Alipofika nyumbani alikuta mlango wazi, na majirani wawili, Mama Sudi na binti yake, wameketi ukutani kimya. Bi Mwanakheri alikuwa mkekani, amekaa wima kuliko kawaida. Habari hutangulia, lakini habari ya namna hiyo haifai mpaka isemwe na aliyefika.

"Hujasikia chochote?" aliuliza mama, kama jioni zote.

"Nimefika, mama," alisema Sikitu.

"Wapi?"

"Mpakani. Chini ya waya kabisa."

Bi Mwanakheri alifumba macho. "Alikaribia," alisema. "Mtoto wa watu, alikaribia." Kisha akauliza, "Ukamwagia?"

"Nimemwagia."

"Kichwani?"

Sikitu aliweka ndoo chini. Halafu akasema, "Sikujua kichwa kiko upande gani, mama. Nimemwaga pote."

Mama yake alitikisa kichwa taratibu, akilifikiria jambo hilo, kama lilikuwa sahihi. Mama Sudi alikuwa tayari na wembe na maji ya moto. Walimnyoa, wakamwogesha, wakamvika khanga isiyokuwa nyeusi. Walipomshika makwapani kumwinua, magoti yalimsaliti, akacheka kidogo kwa aibu, wakajaribu tena. Alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Sikitu alivyokumbuka.

Nje, uchochoroni, wanawake walikuwa wanapita. Wengine walikuwa wa mtaa ule, wengine wametoka mbali, na kila mmoja alikuwa na chombo cha maji kichwani. Walikwenda upande mmoja wote, bila haraka, wakizungumza mambo yao ya bei na watoto.

"Wanakwenda wapi hawa?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Mpakani. Mtukufu bado hajapiga. Wengine hawajatajiwa watu wao, mama. Wanakwenda kumngoja apige, waone mpira utatua wapi."

"Amekaa?"

"Amekaa kwenye kiti, amezungukwa."

Bi Mwanakheri alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akavuta hewa ya asubuhi, akaangalia miguu yake iliyovimba, iliyo wazi kwenye sakafu.

"Mama Sudi," alisema, "niazime ndala zako."

"Utazifikisha wapi, Bi Mwanakheri, na miguu hiyo?"

"Si mlikaa na mimi?" alisema. "Basi twendeni tukakae na wenzetu. Sikitu, chukua ndoo."